Pa Kupulizia

Mwalimu Anyosisye alinikabidhi tarumbeta baada ya ibada,
limefungwa kwenye kitenge cha marehemu mkewe.
Dakika thelathini kila siku, akasema, nyumbani.
Hakuuliza nyumbani pakoje.

Nyumbani ni chumba kimoja, Mwanjelwa.
Ukuta wa kushoto kuna kitoto cha wiki tatu.
Ukuta wa kulia yupo Asajile, mlinzi wa ghala la mbolea,
ambaye usiku wake huanza saa moja asubuhi.
Ng'ambo ya ua, Tumpe ana mtihani wa kidato cha nne
na ameshamfukuza jogoo.

Siku ya kwanza nilipulizia ndani ya blanketi.
Ikatoka sauti ya ndama aliyekwama mlangoni.
Kitoto kikaitikia.
Asajile akagonga ukuta mara mbili, kwa adabu,
kama mtu anayebisha hodi kwenye ndoto yake mwenyewe.
Nikaomba radhi kwa tofali.

Nikapanda hadi kwenye misonobari, chini ya Loleza.
Julai ile, ukungu ulikuwa haujaamka,
shaba ikaning'ata mdomo,
kitufe cha pili kikagoma kurudi juu.
Nilipopata noti moja iliyosimama wima
akatokea mlinzi wa msitu na panga lake.
Wezi wa mbao nao wana honi zao, akasema.
Nikamwonyesha kitabu cha nyimbo. Akakigeuza huku na huku,
akanisindikiza hadi barabarani.

Nikajaribu pagala la Isyesye, halina paa wala milango.
Kila kosa nililolipeleka ukutani
lilirudi na wageni.

Nikakaa kando ya reli, Iyunga,
nisubiri kelele kubwa kuliko yangu.
Treni ya Jumatano ikaja Ijumaa.
Nikavuta pumzi, nikapuliza,
na behewa la mwisho likawa limeshapita,
nimebaki na mbuzi watatu
wananitazama kwa masikitiko.

Ndipo nikaikumbuka mashine ya kusaga ya Mwasomola.
Saa tatu hadi saa saba, mashine ile hainyamazi,
mpaka wanunuzi huhesabu hela kwa vidole hewani.
Nyuma yake, penye magunia ya pumba,
nikapata kigoda changu.
Hakuna aliyenisikia. Hata mimi sikujisikia:
noti nilizijua kwa mtetemo wa meno,
ya juu hapa, kwenye jino la mbele,
ya chini huku, karibu na koo.
Wiki tatu nikarudi nyumbani mweupe nyusi.

Kisha, Alhamisi, katikati ya mstari wa pili,
umeme ukakatika.

Mkanda ukasema fyuuu, ukalala.
Noti yangu ikabaki peke yake juu ya Soweto
kama nguo ya ndani iliyosahaulika kwenye kamba.
Foleni nzima ikageuka, na madebe yao.

Mwasomola akatoka, unga hadi kwenye kope.
"Wewe nakusikia kila siku," akasema.
"Mashine naisikia kwa nyayo, wewe nakusikia kwa bati.
Pale pa nne unakimbia. Unakimbilia wapi?"

Nikasema samahani, nawasumbua.
Mama mmoja akageuza debe lake, akalikalia.
"Umeme umeshatusumbua, mwanangu. Wewe ongeza tu."

Nikarudia. Pale pa nne nikakimbia tena.
Mtu akacheka. Nikarudia.
Mara ya tano, au ya sita, nilitembea,
lakini sina shahidi,
maana umeme ulirudi papo hapo
na mashine ikanifunika.

Jioni nikakutana na Asajile getini,
koti refu, tochi mkononi, anaelekea lindo.
"Dada, yule ndama wa kwenye blanketi," akauliza,
"aliishia wapi?"

Yupo mashineni, nikamwambia.
Anasagwa.
Bado ana pumba.